Mediator: kidonge cha "sukari" kilichokuwa kinapunguza mwili, na kilivyouzwa miaka 33

Sa hivi ukitaja dawa za kupunguza mwili kila mtu anawaza zile sindano za kila wiki, na tutazigusa huko mbele, ila nimeona nichambue kwanza kisa cha Ufaransa cha dawa inaitwa Mediator maana hiki kimeshapita mahakamani mara mbili, tarehe zipo, takwimu zipo, hukumu ipo. Na ukikifuatilia vizuri unakuta kitu kinachoudhi kweli, kwamba hakuna mtu aliyekuwa anasubiri ugunduzi mpya ili ajue ile dawa ina hatari. Habari zote zilikuwepo mezani kwa miaka. Ilichokuwa nacho Mediator ni usajili mzuri tu: iliandikishwa kama dawa ya watu wa sukari na mafuta kwenye damu, basi kila aliyetakiwa kuikagua akawa anaangalia usajili, haangalii kile kidonge kikishamezwa kinageuka nini.

Mtengenezaji ni Servier, kampuni ya Kifaransa. Hawa jamaa walikuwa na dawa tatu za ukoo mmoja. Ya kwanza Pondéral, ndani yake kuna fenfluramini, hii ilikuwa dawa ya kuzuia hamu ya kula waziwazi bila kuficha. Ya pili Isoméride, dexfenfluramini, mdogo wake, nayo ya kuzuia njaa. Ya tatu ndo hiyo Mediator, ndani yake benfluorex, ikaingia sokoni 1976, miligramu 150 kwa kidonge, hadi vidonge vitatu kwa siku. Lakini hii ya tatu haikupelekwa sokoni kama dawa ya wanene. Ilisajiliwa kusaidia pale ambapo mafuta ya damu yamepanda, na kwa mgonjwa wa sukari mwenye uzito mkubwa, ikienda sambamba na kupangilia chakula. Bima ya afya ya kule ikawa inarudisha asilimia 65 ya bei.

Sasa hapo fikiria mwenyewe. Daktari wa mtaani ana mgonjwa mbele yake anataka kupungua, dawa za njaa zinaanza kubanwa, halafu kuna kidonge kinapunguza hamu ya kula, kimesajiliwa kwa ajili ya sukari, na bima inalipa. Ataandika nini? Watu kibao walipewa ambao hawakuwa na sukari kabisa. Wengi wao wanawake waliotaka kutoa kilo kadhaa tu. Mpaka inafungwa ilikuwa imeshatumiwa na watu karibu milioni 5 Ufaransa.

Tuingie kwenye mwili kidogo maana hapa ndo kisa kizima kimelala. Fenfluramini ukiimeza, ini linaivunja linatoa kitu kinaitwa norfenfluramini. Dexfenfluramini ukiimeza, inatoka hiyohiyo. Benfluorex ukiimeza, inatoka hiyohiyo tena. Majina matatu, maboksi matatu, ila kinachozunguka kwenye damu ni kimoja, na kwa dozi za kawaida za Mediator viwango vyake vilikuwa vinakaribiana na vya hizo nyingine mbili. Norfenfluramini ina tabia ya kushika kipokezi cha serotonini kilichoko kwenye vali za moyo, seli za vali zinaanza kuzaliana, vali inanenepa, inakakamaa, inakuwa kama mlango wa mbao uliovimba na mvua za masika, unausukuma lakini haufungi mpaka mwisho. Damu inavuja kurudi nyuma. Moyo unafanya kazi mara mbili. Mtu anaanza kuhema akipanda ngazi, miguu inavimba, mwisho wa siku anapasuliwa kifua abadilishiwe vali. Njia ya pili ya madhara ni presha kupanda kwenye mishipa ya mapafu, hii ni mbaya zaidi na haina huruma hata kidogo.

Je walikuwa wanajua? Twende na tarehe.

Kuhusu mapafu, madaktari wa hospitali ya Antoine-Béclère pale Clamart, karibu na Paris, walikuwa wameshaliona tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 kwa wanawake waliotumia dawa za fenfluramini, na mwaka 1996 ukatoka utafiti wa kimataifa ukathibitisha kwamba dawa za kuzuia njaa zinaongeza hatari ya huo ugonjwa. Kuhusu vali, Marekani watu walikuwa wanachanganya fenfluramini na fentamini, dawa nyingine ya kuzuia njaa, mchanganyiko ukaitwa fen-phen, mamilioni ya watu. Agosti 1997 madaktari wa Mayo Clinic na wenzao wa Fargo, Dakota ya Kaskazini, wakachapisha wanawake 24 waliokuwa na vali zilizoharibika kwa namna ileile. Tarehe 15 Septemba 1997 fenfluramini na dexfenfluramini zikaondolewa sokoni. Fentamini yenyewe ilibaki, mpaka leo inauzwa, kwa sababu mzizi wa shida ya vali haukuwa kwake.

Sasa Mediator ikawa wapi siku hiyo? Dukani. Haikuguswa.

Na kuna kituko cha 1995 ambacho mimi nikikisoma huwa narudia mara mbili. Ufaransa mwaka huo walikuwa wanabana dawa za njaa, wakapiga marufuku wafamasia kuchanganya wenyewe vidonge vya kupunguza mwili kwa kutumia kemikali fulani, na kwenye orodha ya kemikali zilizopigwa marufuku benfluorex ilikuwemo. Yaani mfamasia akichanganya benfluorex nyuma ya kaunta ni kosa, akigeuka akachukua boksi la Mediator kwenye shelfu lenye benfluorex hiyohiyo, ni halali na bima inalipa. Ofisi iliyoitambua kemikali kama dawa ya njaa ni serikali ileile iliyoendelea kulitambua boksi kama dawa ya sukari. Hapo mtu asiniambie habari ya kutojua.

Mwaka 1999 daktari wa moyo wa Marseille, Georges Chiche, akaripoti mgonjwa wake mwenye vali inayovuja ambaye alikuwa anatumia Mediator. Mwaka huohuo kikaripotiwa kisa cha presha ya mapafu pia. Uswisi dawa ilishatoka sokoni 1998, halafu Hispania na Italia zikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kampuni ikawa inasema ni sababu za kibiashara tu. Hispania walikuwa wameshachapisha kisa cha vali mwaka 2003. Baadaye, Januari 2011, wakaguzi wa serikali ya Ufaransa kwenye sekta ya jamii na afya walitoa ripoti nzito, na moja ya waliyosema ni kwamba ile dawa ingeweza kuondolewa tangu 1999. Piga hesabu kutoka hapo hadi 2009.

Lakini nisiwe mkali upande mmoja tu, kuna swali la haki la kujiuliza, kwanini madaktari maelfu walioandika hii dawa hawakuona kitu? Jibu lake ndo limenifanya niandike yote haya. Mtu mnene akija anahema, daktari anasema ni unene. Akija na miguu kuvimba, unene. Akichoka haraka, umri na unene. Yaani dalili za madhara ya dawa zilifanana kabisa na dalili za tatizo ambalo dawa ilipewa kutibu, na mgonjwa mwenyewe pia anaamini hivo, anajilaumu, anaomba aongezewe muda kwenye dawa. Halafu hata akifika kwa daktari wa moyo, akapigwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, vali ikaonekana nene imejikunja, ile picha inafanana na vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ule ugonjwa unaoanzia na maambukizi ya koo utotoni. Basi inaandikwa hivo kwenye faili, inaisha. Ufaransa ambako huo ugonjwa umekuwa nadra bado walidanganyika. Huku kwetu Afrika Mashariki ambako vali za homa ya baridi yabisi bado ni kawaida mno, dawa ya namna hii ingeweza kuua watu na wala asitokee mtu wa kuuliza.

Hapo ndo anaingia Irène Frachon. Huyu ni daktari wa mapafu hospitali ya chuo kikuu ya Brest, mji wa bahari huko magharibi kabisa mwa Ufaransa, mbali na wakubwa wa Paris. Alipokuwa kijana alifanya mafunzo palepale Antoine-Béclère, akawaona wale wanawake wa Isoméride wakiishiwa pumzi. Mwaka 2007 akampokea mama mmoja mwenye uzito mkubwa, ana presha ya mapafu, na kwenye orodha ya dawa zake kuna Mediator. Mwingine angepita. Yeye akakumbuka kwamba aliwahi kusoma kwenye jarida la Prescrire, lile jarida la madaktari lisilochukua matangazo ya kampuni za dawa, kwamba Mediator ni ndugu wa Isoméride. Swali lake likawa dogo tu: kama ni ndugu, mbona hii bado inauzwa?

Alichofanya hakikuhitaji mashine ya bilioni. Alishirikiana na madaktari wa moyo wa hospitali yake, wakatafuta kwenye kumbukumbu za hospitali watu wenye vali ya mitral (moja ya vali za moyo) inayovuja bila sababu inayoeleweka, wakapata 27. Wakatafuta wengine 54 wenye vali inayovuja lakini sababu yake inajulikana, wawe wa kulinganisha. Halafu swali moja kwa wote, uliwahi kutumia Mediator? Kwenye wale 27, waliotumia ni 19. Kwenye wale 54, waliotumia ni 3. Basi. Utafiti ulichapishwa 2010, ila matokeo alishayapeleka kwa mamlaka ya dawa, enzi hizo ikiitwa Afssaps, mwaka 2009.

Ukiwa mtu wa takwimu utasema 27 ni wachache, hospitali moja, labda bahati mbaya, na kweli ndo hoja alizokutana nazo. Kilichomaliza ubishi ni bima. Mfuko wa bima ya afya wa Ufaransa una rekodi ya kila dawa inayolipiwa na kila mtu anayelazwa, kwahiyo timu ya Alain Weill ikachukua wagonjwa wa sukari zaidi ya milioni 1, kati yao kama 43,000 walikuwa wametumia benfluorex, wakaangalia nani alikuja kulazwa kwa vali na nani alibadilishiwa vali. Waliotumia walikuwa na hatari ya kulazwa kwa vali zinazovuja mara 3 hivi, na ya kubadilishiwa vali karibu mara 4. Data ilikuwepo kwenye kompyuta siku zote. Hakuna aliyeiuliza.

Novemba 2009 Mediator ikatolewa sokoni, kimyakimya, maelezo yakiwa mafupi ya kitaalamu kwamba faida haizidi hatari. Wagonjwa wengi hawakuambiwa kwamba wakapime moyo. Frachon akaona hiyo haikubaliki, akaandika kitabu, kikatoka Juni 2010 kwa mchapishaji mdogo wa hukohuko Brest, na jaladani kulikuwa na swali la watu wangapi wamekufa. Servier wakaenda mahakamani, mahakama ya Brest ikaamuru lile swali lifutwe jaladani, na likafutwa, mpaka mahakama ya rufaa ya Rennes ilipobatilisha Januari 2011. Lakini wapi, swali lilishatoka. Mbunge Gérard Bapt, mwenyewe daktari wa moyo, akalishikia bango, na Novemba 2010 bima ya afya ikatoa makadirio ya vifo kama 500. Makadirio mengine yaliyofuata yalifika 1,000 na kuzidi. Haya ni makadirio ya kitakwimu, hakuna daftari lenye majina yote, na ndo maana ya ugumu wenyewe, mtu aliyefariki kwa moyo 1994 hakuna aliyeandika kwamba alikuwa anameza nini.

Kesi kubwa ilianza Septemba 2019 Paris, walalamikaji zaidi ya 6,500. Hukumu ikasomwa 29 Machi 2021: Servier na hatia ya udanganyifu wa kuficha hatari ya dawa na ya kuua na kujeruhi bila kukusudia, faini yuro milioni 2.7 na ushee. Jean-Philippe Seta, aliyekuwa namba mbili wa kampuni, kifungo cha miaka 4 cha nje. Mamlaka ya dawa nayo ikapigwa faini yuro 303,000 kwa kuchelewa kuchukua hatua, haikukata rufaa. Jacques Servier mwenyewe, mwanzilishi, alishafariki 2014, hakuwahi kusomewa hukumu. Msimamo wa kampuni muda wote ulikuwa kwamba kabla ya 2009 haikuona dalili za kutosha za hatari.

Ile hukumu ya kwanza iliwafutia shtaka la utapeli, watu wakapiga kelele. Desemba 2023 mahakama ya rufaa ya Paris ikabadilisha, ikasema utapeli upo, ikapandisha faini hadi zaidi ya yuro milioni 9, na kubwa kuliko hilo ikaamuru kampuni irudishe zaidi ya yuro milioni 415 kwa mifuko ya bima iliyokuwa inalipia dawa. Hii hoja ya utapeli naiona nzito kuliko zote. Maana kosa la kuchelewa kuona madhara linaweza kujitetea, sayansi ngumu bwana, lakini kumuuzia mlipaji dawa ya njaa ukamwambia ni ya sukari, hapo hakuna sayansi ngumu.

Sasa zile sindano. Najua kuna wa kusema umeona, na hii Ozempic nayo ni dawa ya sukari inatumika kupunguza mwili, itakuwa hivyohivyo. Hapana, twende taratibu. Semaglutide, ndo dawa yenyewe iliyoko ndani ya Ozempic, haitoki kwenye ukoo wa fenfluramini, haitoi norfenfluramini, inaiga homoni ya utumbo. Na kwa wanene ilipimwa waziwazi kwa jina lake, Marekani iliidhinishwa kwa uzito Juni 2021 ikiitwa Wegovy, na utafiti wa 2023 wa watu 17,604 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo au mishipa lakini wasio na sukari ulionyesha matukio makubwa ya moyo yakipungua kwa asilimia 20. Yaani moyo umeangaliwa, kitu ambacho Mediator haikufanyiwa kwa miaka zaidi ya 30. Madhara yapo, kichefuchefu na kutapika ndo malalamiko ya kila siku, kuna mawe ya nyongo, kuna kongosho kuvimba kwa wachache, na mwenye historia ya ile saratani adimu ya tezi ya shingo kwenye familia haruhusiwi. Ukienda kufanyiwa oparesheni lazima umwambie mtu wa nusu kaputi kwamba unadunga, maana chakula kinakaa tumboni muda mrefu.

Panaponitisha mimi ni sehemu mbili tofauti. Moja ni feki. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic za kughushi zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na Austria 2023 kuna watu walilazwa sukari imeshuka vibaya baada ya kudunga kalamu feki zilizoshukiwa kuwa na insulini. Ya pili ni zile chai na vidonge vya "asili" vya kupunguza tumbo. Nyingi zikipimwa maabara zinakutwa na sibutramini, dawa ya njaa iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Hapo umerudi kulekule kwa Mediator, boksi linasema kingine na damu inapokea kingine, tofauti ni kwamba safari hii hata faili la kampuni la kulipeleka mahakamani hakuna. Daktari au nesi anayesoma hapa, mgonjwa akija anahema na unene wake, muulize anakunywa nini na anadunga nini, hata kama ni chai, na ukiwa na wasiwasi jaza ile fomu ya njano ya madhara ya dawa upeleke TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au kwa wenzao wa Kenya. Ripoti ya Chiche ilikuwa ya mgonjwa mmoja tu na ilikuja kutajwa miaka na miaka baadaye.

La mwisho, kwa wanaouliza fenfluramini yenyewe iliishia wapi. Imerudi. Mwaka 2020 Marekani na Ulaya ziliiidhinisha kwa dozi ndogo kwa watoto wenye degedege kali linalotokana na hitilafu kwenye vinasaba, linaloitwa Dravet, ambalo dawa nyingine zinalishindwa, na inasaidia kweli. Ila maelekezo yaliyoidhinishwa Marekani yalimtaka mtoto apigwe eko ya moyo kabla ya kuanza, kila baada ya miezi 6 akiwa anaitumia, na tena miezi 3 hadi 6 baada ya kuacha.